Namna ya Kusoma Historia ya Kazi ya Kocha wa Futiboli ya Vyuo vya Marekani Kabla ya Kumkabidhi Mwanao

Mwaka jana, Jumapili moja jioni, dada yangu alikuja kwangu Buruburu akiwa na risiti ya supamaketi ambayo nyuma yake alikuwa ameandika jina la mtu na jina la chuo kikuu kimoja cha Marekani. Mwanawe, ambaye amecheza raga tangu kidato cha kwanza, alikuwa amepigiwa simu na kocha wa futiboli ya Kimarekani aliyeiona video yake akimwangusha mpinzani uwanjani, na tayari kocha huyo alikuwa akizungumzia ufadhili wa masomo wa miaka minne. "Kaka," dada aliniambia, "wewe ndiye unayekesha ukitazama michezo ya Wamarekani. Nisomee huyu mtu. Nitampaje mwanangu mtu nisiyemjua?"

Tulikaa mezani na daftari la hesabu lenye miraba mpaka saa sita usiku. Mwongozo huu umetokana na usiku ule na siku nyingi zilizofuata, na ninamwandikia mzazi, mjomba au mwalimu wa michezo wa hapa Nairobi ambaye siku moja atapokea simu kama ile na hatakuwa na mtu wa kumuuliza.

Futiboli ninayoizungumzia si ile ya Gor Mahia na AFC Leopards. Ni mchezo wa wachezaji 11 kila upande, katika uwanja wa yadi 100, ambapo mpira hubebwa na kurushwa kwa mikono, na kuufikisha katika eneo la mwisho la mpinzani huitwa tachidauni na huzaa alama 6. Mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza baina ya vyuo ilichezwa tarehe 6 Novemba 1869, Rutgers walipowashinda Princeton kwa 6 kwa 4. Vijana wetu wa raga hutazamwa kwa sababu kukimbia na mpira na kumwangusha mtu ni kazi wanayoijua tayari. Daniel Adongo, mchezaji wa raga Mkenya, alijiunga na Indianapolis Colts ya ligi ya kulipwa mwaka 2013 bila hata kupitia futiboli ya chuo. Hata hivyo, njia ya kawaida ni ya chuo, na katika chuo kocha mkuu ana mamlaka ambayo hapa kwetu huwezi kuyaona kwa mwalimu yeyote wa michezo: yeye ndiye anayeamua nani aje, nani acheze, nani abaki.

Anza kwa kuchora jedwali. Usitegemee ukurasa wa chuo chenyewe, kwa maana ukurasa huo umeandikwa na watu wanaolipwa kumsifu. Chora safu za miaka, chuo, cheo alichoshika, mkubwa aliyemfanyia kazi, hali aliyoikuta na namna alivyoondoka. Safu hiyo ya mwisho iache iwe pana kuliko nyingine zote, kwa sababu utaandika mengi humo.

Sasa soma tarakimu. Rekodi ya kocha huandikwa kwa namba mbili au tatu. Ya Eddie Robinson wa chuo cha Grambling, Louisiana, husomeka 408-165-15, yaani ushindi 408, kushindwa mara 165 na sare 15. Tangu mwaka 1996 vyuo huongeza muda mpaka mshindi apatikane, kwa hiyo kocha aliyeanza baada ya hapo hana namba ya tatu, na usidhani kwamba imefichwa. Angalia pia kama kuna ushindi uliofutwa. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kinaweza kuufuta ushindi kwenye kumbukumbu pale chuo kinapovunja kanuni, na ndiyo sababu utakuta kocha mmoja ana jumla mbili zinazotofautiana. Kocha Nick Saban, kwa mfano, alifutiwa ushindi wa mechi 5 za mwaka 2007 akiwa Chuo Kikuu cha Alabama. Ukiona tofauti kama hiyo, usiipite. Tafuta kosa lenyewe lilikuwa nini na lilitendwa na nani.

Hapo ndipo wengi huishia, na wakishaona ushindi ni mwingi kuliko kushindwa, wanaanza kutafuta pasipoti. Ningekuomba usisimame hapo. Usione vyaelea, vimeundwa, na mara nyingine vimeundwa na mtu mwingine aliyefukuzwa kabla ya kuvuna. Kocha anayepokea timu iliyojaa wachezaji wa mwaka wa tatu na wa nne anaweza kung'aa miaka miwili kwa jasho la mtangulizi wake, na kocha mzuri anayepokea magofu ataonekana hafai kabla hajapata wachezaji aliowasajili mwenyewe. Saban huyo huyo, ambaye alistaafu Januari 2024 akiwa na mataji 7 ya taifa, alishinda mechi 7 na kushindwa 6 katika msimu wake wa kwanza Alabama, na mojawapo ya hizo 6 ilikuwa mbele ya Louisiana-Monroe, timu ambayo hakuna aliyeitarajia. Mwaka uliofuata walishinda 12 na kushindwa 2, na mwaka 2009 walishinda zote 14. Kwa hiyo katika jedwali lako, panga matokeo kwa mwaka badala ya jumla, kisha uulize mwaka wa tatu ulikuwaje, kwa kuwa kufikia hapo kikosi kikubwa huwa ni chake.

Kisha nenda kwenye safu ile pana, ya kuondoka. Kwa mzazi wa Nairobi hili ndilo jambo kubwa kuliko yote, na nitalikalia.

Kocha wa Marekani hukua kazini kwa kuhama. Huanza akiwa msaidizi anayesomea shahada ya uzamili, akilipwa kidogo na kufanya kazi usiku na mchana. Akapanda kuwa kocha wa nafasi moja, tuseme wa walinzi wa nyuma. Akawa mratibu wa ulinzi au wa mashambulizi. Na mwishowe, akibahatika, kocha mkuu wa chuo kidogo, kisha cha kati, kisha kikubwa. Saban alianza hivyo Kent State mwaka 1973 chini ya Don James. Alikuwa kocha mkuu wa Toledo kwa msimu mmoja tu, 1990, akaondoka kwenda kuwa msaidizi wa Bill Belichick katika timu ya kulipwa ya Cleveland. Akarudi vyuoni Michigan State kwa misimu mitano. Akaenda LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, misimu mitano, alikopata taji la mwaka 2003. Akaenda Miami Dolphins, timu nyingine ya kulipwa, misimu miwili. Na Desemba 2006, alipoulizwa hadharani, alisema hatakuwa kocha wa Alabama. Hazikupita hata wiki mbili baada ya kauli hiyo, akatangazwa kuwa kocha wa Alabama. Alikaa huko misimu 17 na kuwa mmoja wa makocha wakubwa kuliko wote waliowahi kuifanya kazi hiyo.

Simtaji ili kumlaumu. Ni soko la kazi, na kila aliyemo analijua. Lakini mtoto anayetoka Umoja au Kibera kwenda jimbo ambalo hana shangazi wala mjomba haendi sokoni. Anakwenda kwa mtu. Alimsikia mtu huyo kwenye simu akisema "tutakulea kama wetu," na anapofika huenda akamkuta mwingine kabisa ofisini, ambaye hakumchagua, hakumwona kwenye video na hana haja naye. Kwa hiyo hesabu miaka ambayo kocha huyo amekaa kila mahali. Kama hajawahi kuzidisha misimu mitatu mahali popote, na mwanao anahitaji minne, jibu umelipata hata kabla ya kupiga simu. Angalia pia kama huondoka wakati msimu haujaisha, jinsi Saban alivyoiacha Michigan State mwaka 1999 kabla ya mechi yao ya mwisho, kwa kuwa hilo hutokea mara nyingi na wachezaji hubaki na kocha wa muda.

Kufukuzwa nako kuna hesabu yake. Novemba 2023 Texas A&M walimwachisha kazi kocha wao, aitwaye Jimbo Fisher, huku mkataba ukiwalazimu kumlipa zaidi ya dola milioni 75 ili aende. Kocha akifukuzwa anaondoka na fidia, na mchezaji anabaki na mtihani wa hesabu wa Desemba. Siku hizi kanuni humruhusu mchezaji kujiandikisha katika mfumo wa uhamisho kocha mkuu anapoondoka, na kwa Mmarekani hilo ni nafuu. Lakini kwa kijana wetu, kila uhamisho unagusa hati za viza ya mwanafunzi, na chuo kipya lazima kimwandalie hati zake upya. Mwambie mapema.

Kinyume cha kuhama ni Robinson. Alianza Grambling mwaka 1941 akiwa na umri wa miaka 22 na akaondoka mwaka 1997. Kilikuwa chuo cha watu weusi katika enzi ambayo vyuo vikubwa vya Kusini havikuwapokea, na hakuwa na fedha wala wasaidizi: alichora mistari ya uwanja mwenyewe, akawafunga wachezaji bendeji vifundoni, akawaandikia magazeti habari za mechi. Msimu wake wa kwanza alishinda mechi 3 na kushindwa 5. Wa pili alishinda zote 9 bila kufungwa hata alama moja. Lakini ninachompendea zaidi ni kengele. Alfajiri alikuwa akipita katika mabweni akiwa na kengele ya ng'ombe mkononi, akiipiga mlango kwa mlango, kuwaamsha vijana waende darasani. Zaidi ya wachezaji wake 200 waliingia ligi ya kulipwa, na mmoja wao, Doug Williams, akawa mtu mweusi wa kwanza kucheza nafasi ya kwotabeki, yaani mrushaji mkuu wa mpira, na kushinda fainali ya ligi hiyo, Januari 1988. Na Robinson alipostaafu, Williams ndiye aliyerudi kumrithi. Wakenya tunaijua picha ya namna hii. Ndugu Colm O'Connell alifika shule ya St. Patrick's, Iten, mwaka 1976 na akabaki, akiwalea wakimbiaji hata akamfikia David Rudisha. Ukimkuta kocha wa aina hiyo, hata kama chuo chake hakionekani kwenye televisheni, mpe alama ya juu katika daftari.

Kukaa sana peke yake, hata hivyo, si ushahidi wa wema. Joe Paterno alifika Penn State mwaka 1950 akiwa msaidizi, akawa kocha mkuu kuanzia 1966 hadi 2011, na alihesabiwa kuwa kielelezo cha maadili. Novemba 2011 aliyekuwa msaidizi wake kwa miaka mingi, Jerry Sandusky, alishtakiwa kwa kuwadhulumu wavulana kingono, na baadaye akapatikana na hatia. Paterno alifukuzwa ndani ya siku chache. Mwaka 2012 NCAA ilimfutia ushindi 111, na mwaka 2015 ikamrudishia, hivyo jumla yake ikarejea kuwa 409. Mzazi anayesoma 409 bila kusoma habari iliyo nyuma yake hajasoma kitu. Pale ambapo mtu mmoja amekuwa mkubwa kuliko chuo, uliza mtoto akionewa atamwendea nani ambaye hamtegemei kocha kwa mshahara wake.

Jambo linalofuata ni nasaba. Makocha hurithishana mbinu na tabia kama mafundi wa jahazi. Andika aliyemfundisha kocha wako kazi, kisha uandike waliotoka kwake wakawa makocha wakuu. Kirby Smart alikuwa msaidizi wa Saban kwa miaka tisa Alabama kabla ya kwenda Georgia na kushinda mataji ya 2021 na 2022. Kocha ambaye wasaidizi wake hupandishwa vyeo kwingineko ni mtu anayefundisha, ila kumbuka kwamba pia atapoteza wasaidizi kila mwaka. Na aliyempigia mwanao simu, mara nyingi kuliko unavyofikiri, si kocha mkuu bali ni msaidizi aliyepewa eneo fulani la kutafuta vipaji. Kwa hiyo chora jedwali la pili kwa ajili ya msaidizi huyo. Sisi tulisahau kufanya hivyo usiku wa kwanza na tukalazimika kuanza upya.

Sasa nifike penye uzito. Rekodi huwahesabu waliobaki uwanjani; haiwahesabu walioondoka. Mwaka 1954 Bear Bryant, ambaye baadaye alifikisha ushindi 323 na mataji 6 akiwa Alabama, alichukua timu ya Texas A&M na kuwapeleka wachezaji wapatao 100 mji wa Junction kwa siku kumi za mazoezi katika joto na ukame mkali. Walirudi kama 35. Msimu huo walishinda mechi 1 na kushindwa 9. Mwaka 1956 walishinda 9, wakatoka sare 1, hawakushindwa. Hadithi hiyo husimuliwa kama hadithi ya ushujaa, na waliobaki waliienzi hadi uzeeni. Mimi huwaza wale zaidi ya 60 ambao walipanda magari usiku wakarudi makwao, kwa kuwa yeyote kati yao angeweza kuwa mpwa wangu. Na hilo si la zamani tu: mwaka 2018 mchezaji wa Chuo Kikuu cha Maryland mwenye umri wa miaka 19 alizidiwa na joto katika mazoezi ya Mei na akafariki Juni, na kocha mkuu akafutwa kazi kabla mwaka haujaisha.

Upande wa pili yuko John Gagliardi wa Saint John's, Minnesota, ambaye hakuruhusu wachezaji wake kuangushana wakati wa mazoezi, hakutumia filimbi, na alistaafu mwaka 2012 akiwa na ushindi 489, idadi ambayo hakuna kocha mwingine wa chuo aliyeifikia. Basi anayekuambia kwamba ukatili ndiyo njia pekee ya ushindi, mtajie Gagliardi. Kwa vitendo, fanya hivi: chukua orodha ya wachezaji waliosajiliwa miaka minne iliyopita na uilinganishe na orodha ya leo. Vyuo huzichapisha zote mbili, na habari hizo ni za bure. Weka alama kwa kila jina ambalo halipo tena. Wengine wamehitimu, wengine wamehama kwa hiari, hivyo usimhukumu mtu kwa majina matano. Lakini nusu ya orodha ikiwa imetoweka, uliza sababu kwa sauti. Kazi hii ilituchukua saa mbili, dada akisoma majina na mimi nikiyakata kwa kalamu nyekundu.

Kuhusu masomo nitasema kwa ufupi, kwa sababu tarakimu ziko wazi. NCAA huchapisha kiwango cha wachezaji wanaohitimu ndani ya miaka sita, na pia alama ya maendeleo ya masomo ya kila timu, ambayo juu kabisa ni 1000. Timu inayoshuka chini ya 930 inaweza kuadhibiwa. Tafuta alama ya timu ya futiboli, si ya chuo kizima, na uitazame katika miaka ya kocha huyo huyo, hapo alipo na alikotoka.

Na ufadhili wenyewe. Vyuo vya daraja la tatu la NCAA havitoi ufadhili wa michezo hata senti, wala vile vinane vya Ivy League. Kocha wa huko akitaja ufadhili, ana maana ya msaada wa kifedha unaotolewa kwa misingi mingine, na ni lazima ujue ni ipi. Daraja la pili hutoa ufadhili wa sehemu mara nyingi. Uliza kama ahadi ni ya mwaka mmoja unaoweza kufanywa upya au ya miaka minne, na itake kwa maandishi kutoka chuoni, si ujumbe wa simu. Kuhusu fedha ambazo wachezaji wameruhusiwa kupata kutokana na majina yao tangu Julai 2021, viza ya mwanafunzi ina masharti magumu juu ya kipato, kwa hiyo usiziweke katika hesabu ya familia. Wala usimlipe wakala wa hapa mjini kwa "kukuunganisha" na kocha. Jirani yangu mmoja aliuza shamba dogo kwa ajili ya ada kama hiyo na akauziwa mbuzi kwenye gunia. Kocha anayemtaka mwanao atampigia simu bure.

Ukishajaza daftari, piga simu wewe. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, pwani ya mashariki ya Marekani iko nyuma yetu kwa saa saba, na miezi mingine kwa saa nane. Saa kumi na moja jioni ya Nairobi ni saa nne asubuhi kwao, wakati ambao kocha yuko ofisini na mazoezi hayajaanza. Usipige Jumamosi ya msimu. Siku hiyo itumie kutazama: mechi ya adhuhuri yao huanza saa moja usiku kwetu, na unaweza kumwona kocha akimzungumzia mchezaji aliyekosea mbele ya maelfu ya watu. Katika simu, mweleze kwa heshima kwamba umesoma historia yake, kisha muulize mkataba wake unaisha lini, nani atamlea kijana iwapo yeye ataondoka, na nini kilimpata mchezaji wa mwisho aliyeumia kiasi cha kutoweza kucheza tena, kama aliendelea kusomeshwa au la. Mwishowe omba namba ya mchezaji wa mwaka wa tatu ambaye hachezeshwi. Nyota wa timu atakusifia kocha kwa vyovyote. Anayekaa benchi kwa miaka mitatu na bado hajaondoka ndiye mwenye habari unayoitaka.

Kocha wa mpwa wangu alinyamaza kidogo aliposikia ombi hilo, kisha akatupa namba. Tulimpigia kijana huyo Jumanne, na dada yangu akazungumza naye kwa dakika arobaini. Swali lake la kwanza lilikuwa nani aliyempeleka hospitali siku alipovunjika kidole, na kijana akajibu kwamba alipelekwa na kocha wa walinzi kwa gari lake mwenyewe, na kwamba alikaa naye mpaka saa tisa usiku. Dada alinipokonya kalamu, akaliandika jibu hilo mwenyewe.